Jicho la Mrusi Sandukuni

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, wiki hii sitazungumzia bei ya sukari wala mashimo ya barabarani. Nitazungumzia kipande cha chuma na kioo ambacho nusura kiuzwe kwa kilo, pamoja na sufuria zilizotoboka na mabomba yaliyoliwa na kutu.

Ilikuwa hivi. Mkazamjomba wangu, mjane anayeishi hapa Nguvumali, jijini Tanga, aliamua kusafisha stoo yake. Vijana wanaopita na toroli wakinunua chuma chakavu walikwishaitwa, na mizani yao ilikwishatundikwa kwenye tawi la mwembe. Nilipofika kumjulia hali nilimkuta amekaa juu ya kigoda, mbele yake sanduku la mbao la marehemu mjomba. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akanyanyua mkoba wa ngozi uliokuwa umeota ukungu mweupe, akaniuliza: "Mwanangu, na hii nayo si chuma? Ina uzito."

Ndani ya mkoba ule mlikuwa na kamera ya Kirusi aina ya Zenit-E. Usoni ilikuwa na alama ya Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Mjomba alikuwa mmoja wa vijana wa Kitanzania waliopelekwa kusoma katika Muungano wa Kisovieti, na aliinunua huko mwaka ule ule ambao Suleiman Nyambui na Filbert Bayi walituletea medali mbili za fedha, Nyambui katika mbio za mita 5,000 na Bayi katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliporudi nyumbani hapakuwa na harusi, maulidi wala Sikukuu ya Idi pale mtaani bila mlio wa kamera ile.

Swali la mkazamjomba lilikuwa la haki. Filamu siku hizi ni adimu, na studio zilizokuwa zikizisafisha nyingi zimefunga au zimebaki kutoa fotokopi. Kamera isiyo na filamu ni jiwe. Lakini kabla sijajibu, nikaizungusha ile lenzi iliyokuwa mbele yake, ikatoka mkononi mwangu kama kifuniko cha chupa. Nikaitazama juani. Kioo kilikuwa bado kinang'aa. Nikawaomba radhi wale vijana wa toroli, nikawaambia wapunguze karibu kilo moja kwenye hesabu yao.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu wiki ile ile nilikuwa na mzigo mwingine kichwani. Kijana mmoja wa mtaa wa pili, anayejipatia riziki kwa kupiga picha za pasipoti, sendofu na kicheni pati, alikuwa amenijia na karatasi. Alitaka nimdhamini. Wateja wake walikuwa wakimkimbia kwa sababu walitaka picha za sura kama wanazoziona kwenye simu zao: uso uko safi, na ukuta wa nyuma umeyeyuka kama samli. Lenzi iliyokuja na kamera yake haikuweza kazi hiyo. Lenzi mpya inayoweza ilikuwa na bei iliyomshinda. Kwa hiyo alikuwa amekwishaongea na watu wa mikopo, ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Kilichobaki ni saini yangu.

Nikamwambia: "Nipe wiki mbili."

Sasa, ndugu msikilizaji, tuelezane. Lenzi ni nini? Ni vipande vya kioo vilivyochongwa na kupangwa ndani ya bomba la chuma, ili mwanga unaotoka kwenye kitu ukusanyike na kutua mahali pamoja, nyuma. Basi. Kamera ya leo ni kompyuta ndogo, na kama kompyuta zote huzeeka haraka. Miaka ikipita hata betri yake inaweza kuwa adimu. Lakini lenzi ya zamani haina waya, haina betri, haina programu. Mwanga uliokuwa ukitua juu ya uso wa bibi harusi mwaka 1980 ndio huu huu wa leo, na unapopita kwenye kioo hupinda vile vile. Kilichobadilika ni kile kinachoupokea nyuma. Zamani ilikuwa filamu, leo ni kibamba cha umeme kinachoitwa kihisio.

Lenzi ya mjomba inaitwa Helios 44-2. Usoni pake pameandikwa namba mbili, 2 na 58. Hiyo 58 ni urefu wa fokasi kwa milimita. Kwenye kamera nyingi za bei ya kawaida, ambazo kihisio chake ni kidogo kuliko filamu, namba hiyo hufanya kazi kama 87 au 93 hivi. Huo ndio urefu unaopendwa na wapiga picha za sura, kwa sababu unakulazimisha usimame mita mbili au tatu kutoka kwa mtu. Ukimsogelea mno, kama tunavyofanya na simu, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Ukisimama mbali kidogo, sura inabaki kama Mungu alivyoiumba.

Hiyo 2 inaonyesha upana wa tundu la mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu, ukiivuta hadi mwisho, huishia kwenye 5.6. Tundu la 2 linaingiza mwanga mara nane zaidi ya hilo. Ndiyo maana unaweza kupiga picha magharibi, kibarazani, bila taa ya kumulika. Na ndiyo maana uso unakaa safi huku vilivyo nyuma vikiyeyuka: tundu likiwa kubwa, sehemu inayokaa kwenye fokasi inakuwa nyembamba.

Wengi husikia neno "Kirusi" wakadhani ni kitu cha kubahatisha. La hasha. Lenzi hii ni mtoto wa lenzi ya Kijerumani iitwayo Biotar, iliyobuniwa na kampuni ya Zeiss ya mji wa Jena kabla ya Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Warusi walichukua kutoka Ujerumani mitambo, michoro na hata mafundi kama fidia ya yale waliyobomolewa. Humo ndimo lenzi zao nyingi zilimopatia elimu. Helios ikatengenezwa kwa mamilioni, kwanza kwenye kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow, baadaye na kwingineko, kikiwemo kiwanda cha Minsk. Kwa kuwa zilikuwa nyingi, zikawa rahisi. Kwa kuwa ni za chuma na kioo, nyingi bado zipo, ingawa Muungano wenyewe ulivunjika mwezi Desemba mwaka 1991. Hata wakubwa wa sinema wamezirudia: filamu ya Marekani ya Dune: Part Two, iliyotoka mwaka 2024, mpigapicha wake Greig Fraser alitumia lenzi za kale za Kisovieti zilizovalishwa maganda mapya.

Basi, lenzi nilikuwa nayo. Lakini kuwa na lenzi si kuwa na picha. Hapa ndipo watu wengi wanapotupa fedha, kwa hiyo tega sikio.

Kila lenzi imeundwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu au kihisio. Lenzi za Zenit za skrubu ya milimita 42 zinataka milimita 45 na nusu hivi. Kinachoziunganisha na kamera ya leo ni pete ya chuma ambayo wauzaji huiita adapta. Kazi ya pete hiyo ni kujaza pengo linalobaki. Kamera za Canon za zamani kidogo, zile zenye kioo cha kujitazamia ndani, umbali wake ni milimita 44. Pengo ni milimita moja na nusu, kwa hiyo pete nyembamba inatosha. Kamera za kisasa zisizo na kioo hicho zina umbali mfupi zaidi: Sony milimita 18, Canon mpya 20, Nikon mpya 16. Hapo pete inakuwa nene kama kikombe cha kahawa, lakini kila kitu kinafanya kazi sawasawa.

Tatizo ni Nikon za zamani zenye kioo. Umbali wake ni milimita 46 na nusu, yaani tayari lenzi imekaa mbali kuliko inavyotaka. Huwezi kujaza pengo ambalo halipo. Ukiifunga humo, itaona vitu vya karibu tu, mita chache. Ukilenga boti iliyoko nje ya bandari utapata ukungu. Kuna pete zenye kioo cha kurekebisha ndani, lakini kioo cha bei rahisi nyuma ya lenzi nzuri ni sawa na kuchuja asali kwa gunia. Tena baadhi ya Nikon za bei nafuu hukataa kupima mwanga zikikutana na lenzi isiyo na umeme, ukalazimika kukisia na kujaribu.

Kuna mtego mwingine. Kamera za Kisovieti za FED na Zorki zina lenzi za skrubu ndogo zaidi, milimita 39, zinazotaka umbali wa milimita 28.8 tu. Hizo zinafaa kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo peke yake. Na Zenit za mwanzo nazo zilikuwa na skrubu ya milimita 39, ila umbali wake ni ule mrefu. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia skrubu tu. Uliza lenzi imetoka kwenye kamera gani.

Kijana wetu, kwa bahati, ana Canon yenye kioo. Adapta isiyo na kioo ndani haifiki bei ya lenzi hata kidogo. Ni makumi ya maelfu ya shilingi tu. Nikaagiza Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi, nikaipokea stendi ya Kange.

Tulipoifunga mara ya kwanza, kamera ikagoma. Ikaandika kwamba haina lenzi. Kijana akanitazama kama niliyemuuzia mbuzi kwenye gunia. Dawa yake ni ndogo: kamera nyingi, ukiweka mtindo ambao wewe ndiye unayechagua tundu la mwanga, alama ya A au Av, au ule wa M, zitakubali; nyingine zinataka uingie kwenye menyu uruhusu kupiga bila lenzi. Kuanzia hapo tundu unalizungusha kwa mkono kwenye lenzi yenyewe, na fokasi vile vile. Helios 44-2 ina pete mbili za tundu: moja unaiweka kwenye namba unayoitaka, ya pili inafungua na kufunga hadi hapo. Maana yake unalenga tundu likiwa wazi, unaona vizuri, kisha unafunga bila kuondoa jicho, unapiga. Baadaye zilikuja Helios za 44M zenye kipini kidogo nyuma cha kufungia tundu. Hizo zinahitaji adapta inayokibonyeza kipini, au lenzi yenye swichi ya A na M.

Nami nikataka kujionyesha. Siku moja ambayo kijana hakuwa na kazi niliazima kamera, nikaenda nayo kwenye sendofu ya binti wa jamaa. Nilikuwa mwalikwa tu, mpigapicha rasmi alikuwepo. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kwenye tundu la 2, ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu, sehemu iliyo safi haizidi sentimita kumi. Binti aliingia akicheza, na kila nilipomaliza kuzungusha fokasi alikuwa amekwishasogea. Nilipiga picha sitini na kitu. Zilizofaa zilikuwa tisa, na katika hizo nne alikuwa amekaa anakula.

Funzo lenyewe ni hili. Lenzi hii si ya kukimbizana. Harusi, mpira pale Mkwakwani, watoto wanaocheza, waachie wenye lenzi zinazojifokasi. Yake ni kazi ya mtu aliyetulia: picha ya sura, ya mapacha waliovaa sare, ya fundi na cherehani yake, ya kitenge na viatu unavyotaka kuviuza. Kwa kazi hizo tumia kioo cha nyuma cha kamera, bonyeza kitufe cha kukuza, hakikisha jicho la mtu liko safi, ndipo upige.

Ina tabia zake nyingine. Jua likiipiga usoni picha inapauka kama shati lililofuliwa mara nyingi, kwa sababu rangi ya kinga iliyopakwa kwenye vioo vya zamani si kali kama ya leo. Kwenye mchanga wa Raskazone saa sita mchana utajuta. Ikinge kwa kofia ya lenzi au hata kwa kiganja. Na majani yakiwa nyuma ya mtu, huonekana kama yanazunguka, mfano wa maji kwenye beseni lililokorogwa. Zamani lilihesabiwa kosa. Leo watu wanalitafuta. Ila kwenye kamera yenye kihisio kidogo huliona kwa uchache, kwa sababu inachukua katikati ya picha, na mzunguko wenyewe uko pembeni.

Nije sasa kwenye adui mkubwa wa lenzi hapa kwetu. Si wezi. Ni unyevu. Hewa ya pwani yetu mara nyingi hupita asilimia 70 ya unyevu, na lenzi inataka ikae kwenye asilimia 40 au 50. Zaidi ya hapo ukungu huota juu ya kioo kama unavyoota juu ya mkate. Ukiuacha, unatoa asidi inayokula ile rangi ya kinga na baadaye kioo chenyewe, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia.

Kwa hiyo kabla hujanunua lenzi kuukuu, washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma, uchungulie mbele. Vumbi dogo halina neno. Mikwaruzo miwili mitatu mbele haina neno sana; iliyoko nyuma ndiyo inayoonekana kwenye picha. Lakini ukiona kitu kama mizizi au utando wa buibui, rudisha, ondoka. Zungusha tundu uone kama vile vipande vya chuma vinafunguka na kufunga bila kunata mafuta. Zungusha fokasi, ikiwa ngumu, ni grisi ya zamani imekauka. Namba ya lenzi mara nyingi huanza na tarakimu mbili za mwaka iliotengenezwa. Ya mjomba inaanza na 80. Na ukiona neno linaloanza na kitu kama tarakimu ya 3, kisha E na H, usidhani ni hesabu. Ni Zenit kwa herufi za Kirusi.

Yetu ilikuwa na bahati. Ukungu ulikuwa umejaa kwenye mkoba wa ngozi, lakini kwenye kioo ulikuwa ndiyo kwanza unaanza, pembeni. Ngozi hunyonya maji; usihifadhi lenzi ndani yake, hata kama mkoba ni mzuri. Tulimpelekea fundi saa mmoja wa Ngamiani, mzee mwenye mikono isiyotetemeka. Akaifungua, akafuta, akabadilisha grisi. Nakusihi, usijaribu kazi hiyo kwa kisu cha jikoni. Sasa lenzi inakaa ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo wengi wetu huvitupa. Vinakunywa maji ya hewani. Vibadilishe mara kwa mara, na lenzi uitoe, uitumie. Lenzi inayotumika haioti ukungu upesi.

Wiki mbili zilipotimia, kijana alirudi. Karatasi ya udhamini hakuja nayo. Alikuwa amebandika nje ya kibanda chake picha tatu za sura, na watu walikuwa wakisimama. Sitakudanganya kwamba ametajirika. Kwenye harusi bado anatumia lenzi yake ya kwanza, na bado anahitaji mpya. Anaichangia kidogo kidogo kwenye upatu. Lakini hadaiwi na mtu, na mimi silali nikihesabu marejesho ya mwenzangu.

Picha ya kwanza ya lenzi ile aliipiga kwa mkazamjomba, amekaa mlangoni, kanga begani. Tuliisafisha, tukampelekea. Aliishika kwa muda mrefu. Katika picha zote za sandukuni, mjomba mwenyewe hayumo hata moja, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipiga. Mkazamjomba akasema taratibu: "Kumbe alikuwa akiniona hivi." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ndugu msikilizaji, kabla toroli la chuma chakavu halijapita kwako, fungua lile sanduku la baba, la mjomba, la babu aliyesoma ng'ambo. Mulika kwa tochi. Usitupe usichokijua, na usikope kwa ajili ya kitu ambacho huenda kimelala chini ya kitanda chako. Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Na baadhi ya macho, hata mwenyewe akishaondoka, bado yanaona.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.